Gazeti la Kuwekesha

Kigera, Musoma
Jumapili, baada ya ibada

Mume wangu Baba Subira,

Kwanza nikusalimu wewe, halafu nikusalimu tena kwa ajili ya mgongo wako, maana Subira ameniambia kwamba uliamka umejipinda, ukawa unatafuta randa chini ya meza kama mtu aliyepoteza sindano. Ile dawa ya kuchua niliyokuachia unaipaka, au umeiweka juu ya kabati iangalie watu? Mama mkwe anaendeleaje na kifua? Nasikia baridi ya Tukuyu mwaka huu haina adabu. Na Ambakisye, bado anakataa uji mpaka aimbiwe? Niambie ukweli, usinifichefiche kama unavyofanya kwenye simu. Mimi huku ni mzima kabisa. Jua la Musoma limenigeuza rangi, ukiniona utadhani umeletewa mke mwingine, lakini nakula, nalala, na Mungu ananilinda.

Najua unacheka. Mwanamke anauza magazeti ya kwenye simu, halafu anamwandikia mumewe barua ya karatasi na kumkabidhi kondakta wa basi! Cheka tu, meno yako. Kwenye simu wewe hunisikilizi, Baba Subira. Nikianza neno unalimalizia wewe, tena kwa namna unayotaka wewe, na salio linaisha tukiwa bado tunabishana. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa chini, weka chai karibu, usome mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nataka jibu, na jibu lenyewe lisiwe "tutaona".

Unakumbuka tulivyoachana stendi. Ulinishika mkono ukasema, "Nenda, lakini habari hainunuliwi, mama. Habari inasikika tu, kama harufu ya mchuzi wa jirani." Nilinuna njia nzima mpaka Singida. Lakini tulikubaliana, na makubaliano ni makubaliano: kipindi cha majaribio kikiisha na watu wa Mara hawalipi, kampuni inafunga kazi huku, narudi nyumbani, na sifungui tena mdomo wangu kuhusu kuhama. Wakilipa, nyinyi mnakuja. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha kila asubuhi, wala si mapenzi ya magazeti. Nilikuwa nauza huku nawaza kitanda cha Ambakisye kitakaa upande gani wa chumba.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana hujawahi kuniacha nikafika mwisho. Mtu analipa mara moja kwa mwezi, kama bei ya sukari ya nyumba ndogo, anapata magazeti kadhaa kwa pamoja ndani ya simu yake: la siasa, la michezo, la biashara, na lile la kilimo na mifugo. Akiamka anafungua, anasoma, basi. Mimi nilijua nitayauza kama maandazi ya asubuhi.

Nikaanza na wasomi. Walimu, wauguzi, watu wa ofisini, nikisema hawa ndio wanaosoma, hawa ndio watalipa. Ehee! Hao ndio walionifunza adabu. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu na tai yake, aliniangalia kwa huruma akasema, "Madam, mimi magazeti nasomewa redioni kila siku nikiwa navaa soksi. Nikulipe ya nini?" Mwenzake akanionyesha simu yake, kuna mtu kwenye grupu lao anapiga picha kurasa anazirusha bure. Wengine nikitamka "kifurushi" wanadhani nauza intaneti, wananiuliza kina dakika ngapi. Ofisini wanasema, "Tuachie kipeperushi." Nimeacha vipeperushi mji huu mpaka nikaanza kuuziwa karanga ndani yake.

Na pale mjini kwa muuza magazeti ya karatasi, twende nikuonyeshe siku moja, utakuta wanaume wamesimama mikono nyuma wanasoma kurasa za mbele zote, wanabishana, wanatukanana kidogo, halafu wanaondoka hela zao zikiwa salama mfukoni. Nilimuuliza muuzaji kama hakasiriki. Akajibu, "Dada, hawa nimewazoea, wasipokuja naonaga kama kuna msiba mjini." Nikarudi nyumbani siku hiyo nikiyakumbuka maneno yako ya mchuzi wa jirani. Nilikuchukia, mume wangu. Nilikuchukia kwa sababu niliona kama umesema kweli.

Mwenye nyumba wangu, Mama Wakuru, ndiye aliyekuwa ananifariji jioni. Ni mjane, mnene, mcheshi, ananiwekea ugali wa muhogo na furu, hawa samaki wadogo wa ziwani wenye miiba kama wamekula kinyongo. "Hiyo kazi yako mimi siielewagi," ananiambia, "lakini kula, huwezi kushindwa na njaa na watu siku moja." Nami nakula. Nimeanza hata kusema kama wao, "nilikuwaga", "anakujaga", usishangae nikirudi.

Basi siku moja niko mtaa wa Mukendo, jua kali, nikaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi ili nipate kivuli tu. Mwenye duka anaitwa Magesa, mtu wa makamo, amezaliwa kijiji cha jirani na Butiama, anauza saruji, mabati na misumari. Nikamkuta anapiga kelele kwenye simu kwa lugha ya kwao, huku anapigapiga kaunta kwa kiganja. Alipokata simu akakaa kwenye mfuko wa saruji, akashika kichwa. Nikamuuliza, "Kaka, kuna msiba?"

"Afadhali msiba," akasema. "Mzee wangu ameuza madume yake mnadani kwa bei ya kuku. Kuna mtu amewaambia kule kijijini eti serikali itapita nyumba kwa nyumba kuhesabu ng'ombe na kuondoa wanaozidi. Uongo mtupu! Mzee ameamini, amekimbilia mnadani, na wachuuzi wakamla. Sasa analia na mimi, kama mimi ndio nilimwambia."

Nikamfungulia simu yangu, nikamwonyesha lile gazeti la mifugo. Humo kulikuwa na habari nzima ikieleza kwamba huo ni uvumi. Magesa akasoma, akarudia kusoma, akaniangalia. "Hiyo magazeti yako inafikaga Butiama?" Nikamwambia inafika popote penye mtandao. Akaniambia kijijini kwao upo, ukisimama upande wa josho la kuogeshea ng'ombe. "Basi mwandikishe mzee. Mimi mwenyewe sitaki, mimi redio inanitosha. Wewe mwandikishe mzee, mimi nitakuwa nalipa."

Baba yake, Mzee Wambura, ana simu ya zamani ya Magesa yenye kioo kilichopasuka kona. Nikaiunganisha. Na sikufanya kitu kingine, Baba Subira, naapa. Jirani wa Magesa, muuza vitenge, alisikia, akasema, "Na mimi baba yangu yuko Nyamuswa, naye anadanganywaga sana, mwandikishe." Fundi cherehani akamwandikisha mjomba. Mwenye duka la dawa za mifugo akamwandikisha baba mkwe wake, akasema anataka mzee huyo naye amheshimu kidogo. Mtaa mzima wa Mukendo kila mtu alikuwa na mzee wake mahali. Watu wale wale waliokuwa wananifukuza kama inzi nikiwauzia wao, walikuwa wananivuta mkono nikiwauzia wazee wao.

Nilimuuliza Magesa maana yake nini. Akanicheka, "Nyie watu wa Mbeya hamuwekeshagi ng'ombe?" Akanieleza kwamba kwao mtu hakai na ng'ombe wake wote zizi moja. Anampa rafiki au ndugu amtunzie mmoja. Maziwa anakunywa anayetunza, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na baina yao hapo panazaliwa undugu usiokatika. "Basi hii magazeti nimemuwekesha mzee," akasema. "Mwenye kulipa ni mimi, maziwa anakunywa yeye." Mimi nilicheka, nikaona ni utani mzuri wa dukani. Sikujua kwamba wenzangu hawakuwa wanatania.

Siku zikaenda, mwezi ukageuka, na watu wakalipa tena. Nilikuwa natembea Musoma hii kama nimenunua uwanja wa ndege. Nilishaanza kuulizia shule ya Subira, ila sikukuambia kwa kuogopa ulimi wako. Ndipo akanipigia Bwana Temu, meneja wetu aliyeko Mwanza.

Hakunisalimia vizuri. "Mama Subira," akasema, "hawa wateja wako ni watu kweli?" Nikasema, Bwana Temu, unaniulizaje swali kama hilo? Akasema kompyuta yao imeona namba za mjini zinalipia simu nyingine, simu zenyewe ziko vijijini, na walipaji hawasomi hata ukurasa mmoja. Kwa kanuni za kampuni anayelipa ndiye anayesoma, simu moja mtu mmoja. Kwa hiyo ama watu wanauziana, ama mimi nimejitengenezea wateja hewa ili majaribio yaonekane yamefaulu. "Tumezifunga zote mpaka tufanye uchunguzi," akasema. "Nitakuja mwenyewe. Nikikuta ni hewa, kazi ya Mara inafungwa na wewe unajua kitakachofuata."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, mwizi! Nilimwambia, "Njoo, tena njoo haraka, na uvae viatu vya kutembelea." Nikakata simu kabla hajanikatia. Halafu nikakaa kitandani nikaanza kuomba, kwa sababu hasira ni kitu kimoja na kurudi Tukuyu na jina la wizi ni kitu kingine. Nilikuona wewe ukiwa unanipokea stendi, hunisemi, unanibebea begi kimya kimya. Huo ukimya wako ndio niliouogopa.

Kumbe baya zaidi lilikuwa njiani. Magesa akanijia mpaka Kigera, amekunja sura. Hakukaa hata alipopewa kiti.

"Dada, umeniharibia kwa baba."

"Nimefanya nini tena, kaka yangu?"

"Mzee hapokei simu yangu. Nimempigia mama, anasema mzee amekataa hata jina langu lisitajwe pale nyumbani. Anasema nimemfungua ng'ombe kwenye zizi lake bila kumwambia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao ng'ombe wa kuwekesha hachukuliwi kimya. Mwenyewe akimtaka, anakuja, anakaa, anakula, anasema shida yake, na anayetunza anamtoa kwa mkono wake mwenyewe. Ukimfungua tu na kuondoka naye, umemwambia mwenzako kwamba undugu umekwisha, na kila mtu kijijini anajua umemwambia. Mzee Wambura alikuwa anawasomea wenzake gazeti kila siku ya kuogesha ng'ombe pale joshoni, watu wakisubiri zamu. Siku hiyo wamekaa, wamenyamaza wamsikilize, anafungua simu, hakuna kitu. Mmoja akamcheka, "Mwanao amechoka kukulisha." Akaondoka josho bila hata kuogesha ng'ombe wake.

Ningeweza kumpigia mzee simu nikamweleza. Mama Wakuru akanikataza. "Mzee wa kule hatubiwagi kwenye simu," akasema. "Nendeni wote. Na huyo aliyefunga, naye aende, ili mzee amuone kwa macho."

Basi Bwana Temu alivyofika Musoma, kiatu chake kinang'aa, nikamwambia uchunguzi haufanyiki ofisini, unafanyika joshoni. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Lakini alikuwa amekuja kuona kama wateja wapo, na wateja walikuwa huko, angefanyaje? Tukaenda na Magesa kwa gari ya kampuni, tukapita Makutano, tukaiacha lami. Magesa njia nzima alikuwa anarekebisha kola ya shati. Mtu mzima, ana duka, ana watoto, na alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Joshoni ni matope, Baba Subira, na harufu ya dawa inakukaa kooni. Ng'ombe wanaswagwa kwenye kile kijia chembamba cha ukuta, wanatumbukia kwenye maji, wanatokea upande wa pili wanajikung'uta. Dume mmoja alijikung'uta karibu na Bwana Temu. Sisemi kitu, lakini ile suruali haikuwa tena ya ofisini. Watu walicheka, na mimi nilimgeukia Mungu nikaomba msamaha kwa furaha niliyoisikia.

Mzee Wambura alikuwa ameegemea fimbo yake, mrefu, mkavu, koti la suti kuukuu juu ya shuka. Alisoma elimu ya watu wazima zamani, na miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Alituona. Akampita mwanawe kwa macho kama anapita nguzo. Magesa akamwamkia, "Shikamoo baba." Mzee akawageukia ng'ombe. Nilimwangalia Magesa, nikaona machozi yamemlenga, na moyo wangu ukauma kweli, kwa sababu chanzo ni mimi na biashara yangu.

Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mama. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi natoka Mbeya, baba. Ndimi niliyeleta hayo magazeti. Mwanao hajafungua ng'ombe. Mwezi huu amelipa, na hela yake iko. Waliofunga ni sisi, kampuni, tukidhani kuna wizi. Mkubwa wangu ni huyu hapa, amekuja mwenyewe."

Watu walikuwa wameshatuzunguka. Mzee akamtazama Bwana Temu kutoka kiatu mpaka kichwa, akatua kwenye ile suruali.

"Kumbe ng'ombe ni ya nani?" akauliza. "Ni yako, au ya mtoto wangu?"

Kusema haki, Bwana Temu si mtu mbaya. Ni mtu wa kompyuta tu. Nadhani hapo kwa mara ya kwanza aliona kwamba hizo namba zina meno na miwani. Akavua kofia. "Ni ya mtoto wako, mzee. Sisi tulifunga zizi kimakosa. Naomba mnisamehe, wewe na yeye."

"Basi fungua," mzee akasema. "Sasa hivi. Hawa waliocheka waone."

Meneja mzima akaanza kuzunguka josho ameinua simu juu anatafuta mtandao, anapigia watu wake Mwanza, anapaza sauti, "Nimesema fungueni zote! Zote!" Ikafunguka. Mzee akavaa miwani, akajikohoza, akaanza kusoma habari ya chanjo ya mifugo, kwa sauti ya juu, pole pole, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Hakuna aliyezungumza isipokuwa ng'ombe. Alipomaliza, bila kumgeukia mwanawe, akasema tu, "Magesa, kamata yule ndama mwekundu, anataka kurudi." Magesa akakimbia na suruali yake nzuri ndani ya matope, anacheka na kulia. Huo ndio ulikuwa msamaha. Kule hawaongezi maneno.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Bwana Temu, kwa kuwa ni mtu wa kampuni, akauliza swali lake, lile ambalo kwa ajili yake nimetengana nanyi. "Mzee, mtoto wako siku moja akishindwa kulipa, wewe ungelipa mwenyewe?"

Mzee akavua miwani.

"Mimi?" mzee akasema. "Hapana."

Moyo wangu ukaanguka chini kwenye yale matope. Bwana Temu akaniangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayesema pole.

"Nijilipie mimi, nisome mimi, nifurahi mimi, nina wazimu?" mzee akaendelea. "Hapana. Lakini Mturi wa Nyamuswa nitamlipia. Leo hii, kwa hela ya maziwa."

"Mturi ni nani, baba?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu. Ng'ombe yangu iko kwake na yake iko kwangu tangu tukiwa vijana. Kila nikimpigia nikamwambia gazeti limesema hivi, ananiambia, 'Wambura, umezeeka, unaota.' Nimemchoka! Na yeye apewe, asome kwa macho yake, halafu tubishane kwa haki. Mtu atasomaje habari kama hana wa kubishana naye?"

Watu wakaangua kicheko. Yule yule aliyemcheka mzee akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumlipia shemeji yake aliyeko Bunda mjini, ambaye "anajifanyaga anajua kila kitu". Mwingine akataka la dada yake. Nilifanya kazi nimesimama kwenye matope mpaka betri ya simu ikazima, na Bwana Temu akanipa ya kwake.

Kwa hiyo umekosea, mume wangu, na pia hukukosea, nakupa nusu. Kujilipia mwenyewe habari, watu wengi wagumu, hata leo walimu wangu wananikwepa barabarani. Lakini kumlipia mwenzao wasidanganywe, au wapate wa kubishana naye, wanalipa, na mwezi ukigeuka wanalipa tena, kwa sababu kuacha ni kama kumfungua ng'ombe kwa mtu kimya kimya. Wapo walioacha, sikufichi, fundi cherehani amegombana na mjomba na mambo yamekwisha. Sijui mwakani itakuwaje. Lakini kuna kitu huku kinaota, nakiona.

Juzi Bwana Temu alinipigia. Safari hii alinisalimia mpaka nikaogopa. Kanuni ya simu moja mtu mmoja imeondolewa, sasa mtu akilipa anaulizwa kwanza anamlipia nani. Kazi ya Mara inaendelea. Nimepewa Musoma, na wameniongezea Butiama na Bunda, kwa mkataba, si majaribio tena. Nilipiga kigelegele, Mama Wakuru akaja mbio na mwiko akidhani kuna nyoka.

Ndiyo hivyo, Baba Subira. Makubaliano ni makubaliano. Najua moyoni mwako ulikuwa unaomba nishindwe kidogo. Si kwa ubaya. Ni upweke, na mimi ninao, naujua uzito wake. Najua pia unaogopa kuacha karakana ya useremala ya baba yako uje mahali ambapo hakuna anayejua jina lako. Lakini Magesa amekuwa akiniuliza kama mume wangu anajua kupaua nyumba, maana wateja wake wananunua mabati halafu wanatafuta fundi mwaminifu wa kuyapandisha. Nimemwambia anajua, ila anabishana. Akasema basi atafaa, huku ndiko kwao. Chumba cha pili kwa Mama Wakuru kiko wazi, nimekipiga deki leo asubuhi kabla ya ibada. Shule ya Subira iko karibu, anaweza kwenda kwa miguu na kurudi. Tusubiri tu wafunge shule huko.

Msalimie mama mkwe, umwambie hewa ya ziwa itamfaa kifua kuliko ukungu wa huko, na kwamba simwachi, chumba kinamtosha na yeye na Ambakisye. Msalimie shemeji yangu mdogo, karakana namwombea yeye aishike, ameshakua, aache kujificha nyuma yako. Msalimie jirani yetu wa maziwa na mkewe. Mwambie mama mwinjilisti kwamba kwaya ya huku inaimba vizuri, ila haijatufikia. Mbusu Subira, na Ambakisye umbebe juu juu kama anavyopenda, umwambie ni mama.

Jambo la mwisho. Utajiuliza kwa nini, katika watu wote niliowaandikishia magazeti, sijakulipia wewe. Nilishika simu mara nyingi nikitaka kukulipia, nikaghairi. Huku gazeti analipiwa yule anayebaki mbali, na mimi nimechoka na wewe kuwa mbali. Ukitaka kusoma, njoo usome huku, tubishane uso kwa uso.

Ni mimi mkeo, niliyekwisha kufua shuka za kitanda chenu,
Mama Subira